Fulana ya Mjomba Masizi na Mwaka Mmoja Bila Laddie Sopko

LADISLAV "LADDIE" SOPKO
1951 – 2023
Kesslerton, Ohio

Mwaka mzima umekwisha, Laddie, tangu Ijumaa ile ya Machi ulipoanguka kati ya jiko na meza, kahawa yako ikiwa bado inatoa mvuke. Theluji ya mwaka jana iliyeyuka, ya mwaka huu nayo imekuja na sasa inaondoka, na sisi bado tunakuwekea kiti. Hatukiweki kwa makusudi. Mtu anavuta viti, anahesabu vichwa, anakosea.

Tulitaka tuandike maneno machache kama familia nyingine zinavyoandika: kwamba ulikuwa mume, baba na kaka mwema, na kwamba tumeumia. Yote hayo ni kweli. Lakini kuna jambo limesemwa vibaya mji mzima mwaka huu, juu yako na juu ya mkeo Verna, na waliolisema ni pamoja na sisi. Kwa hiyo utatuvumilia. Tutarefusha kidogo, na utayasikia haya mbele za watu.

Tuanze na mikono yako. Miaka arobaini na mmoja ulichapa fulana kwenye karakana ya mzee Rusnak, nyuma ya ukumbi wa bolingi. Wino wa rangi ya machungwa haukutoka kwenye kucha zako hata siku ya harusi. Padri aliutazama mkono uliompa Verna, akautazama tena, akaendelea na sala. Hukuweza kumsalimia mtu bila kumshika pindo la shati na kulisugua kwa vidole viwili. "Pamba hii imechanganywa," ulikuwa ukisema. "Wamekuibia." Hata askofu alipokuja kwenye kipaimara ulimfanyia hivyo, na dada yako Dolores akatamani ardhi immeze.

Ulikula pirohy, zile sambusa za kuchemsha zenye viazi ndani, ukiwa umesimama. Uliimba ukiwa chini ya gari tu, kwingine kote ulikuwa bubu. Mtu akifiwa mtaani, hukupeleka maua, ulikwenda kusafisha theluji kwenye njia yake, ukaondoka kabla hajaamka.

Na mdogo wako Cyril alipokuwa na mgomo au maandamano, hakuomba, aliamuru. Alikuja Ijumaa na maneno yake kwenye kipande cha karatasi, na Jumatatu fulana mia mbili zilikuwa zimekauka, tena kwa muda wako mwenyewe. Wewe hukuandamana hata siku moja. "Wewe piga kelele," ulimwambia, "mimi nitapaka rangi."

Kiwanda cha chuma kilipofungwa, watu elfu nne walijulishwa kwa karatasi iliyobandikwa getini, gundi yake ikiwa bado mbichi. Walioitia saini karatasi ile wamezeekea vizuri kwenye miji yenye jua. Majina yao tunayo yote. Hatutauchafua ukurasa wako kwa kuyataja.

Mji wakati ule ulibakiwa na kitu kimoja cha kuchekesha, nacho kilikuja kila Ijumaa saa tano na nusu usiku, saa ambayo zamani watu wa zamu ya jioni walikuwa wakifika nyumbani. Garland Tuttle, yule bwana wa hali ya hewa wa kituo chetu cha runinga, saa kumi na mbili jioni alikuwa amevaa tai anatutangazia barafu. Usiku ule ule alitoka ndani ya mlango wa tanuru uliotengenezwa kwa maboksi, amejipaka, shavuni ana alama ya kiganja kizima cha masizi, na jina lake sasa ni Mjomba Masizi. Kazi yake ilikuwa kutuonyesha filamu za kutisha ambazo hakuna kituo kingine kilichozitaka, na kuzikatiza kila zinapofika patamu ili azitukane.

"Mtazameni zimwi huyu, wapwa zangu," alikuwa akisema. "Miaka mia tatu yuko kazini, hajapunguzwa. Hebu muulizeni yuko chama gani cha wafanyakazi."

Baba yako, ambaye hakuwa amecheka tangu geti lifungwe, alicheka mpaka akashika ubavu.

Msimu ule wa vuli kituo kikaagiza fulana za Mjomba Masizi, mia moja arobaini na nne. Kazi ikaangukia kwako. Uso ulikuwa kwenye wavu mmoja wa kuchapia, kwa wino mweusi, na maneno yalikuwa kwenye wavu mwingine, kwa rangi ya machungwa. Ulipoiweka picha ya uso juu ya wavu ili taa iichome, ile karatasi angavu yenye picha uliilaza kinyume, upande wa ndani ukawa nje. Maneno yangekuwa yamegeuka ungeona mara moja. Uso ukigeuka bado ni uso. Ulichapa zote, ukazikausha, ukazikunja kwa dazeni, ndipo mzee Rusnak akaja na kikombe chake.

"Sopko, hayo macho yako ni macho au vifungo?"

"Ni macho, bosi."

"Huyu bwana kiganja chake kiko shavu gani?"

"La kulia."

"Na kwenye runinga anakipaka wapi?"

Ulisimulia mwenyewe kwamba hapo uliikunjua moja, ukaligusa shavu. Ulikuwa na miaka ishirini na saba, umeoa, na mtaani hapakuwa na kazi nyingine hata ya kufagia.

Tuttle alikuja kuzichukua akiwa na tai yake na koti la mvua. Rusnak akamweleza kwa kirefu, akakutaja jina mara nne. Tuttle akaifungua moja, akaishika mbele ya kifua chake, akajitazama kwenye kioo cha dirisha.

"Huu wino ukifuliwa unatoka?" akakuuliza.

"Hautoki, bwana. Ndiyo sifa yake."

"Masizi yangu yanatoka," akasema. "Basi yatakayohama ni masizi."

Ijumaa iliyofuata alitoka kwenye tanuru lake kiganja kikiwa shavu la kulia, na hakikurudi kushoto tena. Simu zikamiminika kituoni. Wiki iliyofuata akawajibu hewani: "Mnaniuliza kwa nini kiganja kimehama. Kiwanda kizima kimehama, na nyinyi nani aliwapigia simu?"

Wewe ulikuwa umekaa sakafuni, mbele ya runinga, na Verna anasema masikio yako yalikuwa mekundu kama pilipili. Hukumwambia mtu yeyote nje ya nyumba hii kwamba ni wewe. Leo tunasema sisi. Mji mzima ulibadilishiwa uso wa Mjomba Masizi na Laddie Sopko, kwa kosa la asubuhi moja.

Baadaye kituo kiliuzwa. Wanunuzi walikifuta kipindi kabla hata hawajajua choo kiko wapi. Kanda zote, miaka kumi na miwili ya Ijumaa, walirekodia juu yake matangazo ya mazulia, maana kanda mpya walisema ni ghali. Tuttle akafa, Mungu amrehemu, na leo hakuna mahali popote unapoweza kumwona akitembea wala kumsikia akitukana zimwi. Kilichobaki ni fulana zako. Nazo watu walizivaa mpaka zikachanika kwapani, wakapangusia magari, wakazikwa nazo. Ya kwanza kabisa, ile ya majaribio, uliichukua wewe, na miaka yote hiyo ndiyo uliyovaa kila Ijumaa ukiwa nyumbani. Verna aliifua kwa mkono, kwenye beseni, kwa maji baridi. Ilikuwa imebaki nyepesi kama ganda la kitunguu. Ilikuwa ndiyo nzima pekee tunayoijua.

Kwenye harusi ya binti yako Noreen ulisimama kando ya meza ya biskuti, umeshika glasi, ukatangaza: "Mkinizika na tai nitarudi. Mimi nizikwe na Mjomba." Watu wakacheka. Verna akasema, "Tulia, nitakuvika mimi mwenyewe."

Kisha ukafa, na Verna akakuvika suti ya kahawia na tai.

Ulikuwa umelala pale, Laddie, na sisi tukapita mmoja mmoja. Cyril alipofika kwako alimwinamia Verna sikioni.

"Shemeji, fulana iko wapi?"

"Imeharibika."

"Imeharibikaje?"

Verna aliinyoosha tai yako, na tai haikuwa imepinda.

Cyril hajawahi kusahau kitu chochote alichofanyiwa mtu wa familia hii, na siku ile alidhani umefanyiwa wewe. Kwenye chakula baada ya mazishi, watu wakiwa na sahani mikononi, alisema kwa sauti ambayo meza nne ziliisikia: "Aliomba kitu kimoja. Miaka arobaini na minane ya ndoa, kitu kimoja." Hakuna aliyemnyamazisha. Dolores alikuwepo. Noreen alikuwepo. Sote tulikuwepo, tukaangalia sahani zetu.

Maneno yakatembea. Ikajulikana kwamba kuna bwana mmoja wa Chicago, mkusanyaji wa vitu vya namna hiyo, amempigia Verna simu. Kabla ya Pasaka mji ulikuwa umeshaamua kwamba ameiuza. Mwanamke ambaye kwa miaka thelathini alibana kingo za pirohy kila Ijumaa ya Kwaresima akaacha kuja jikoni mwa kanisa. Akahama benchi lake, akakaa nyuma kabisa karibu na mlango, akawa anatoka kabla ya wimbo wa mwisho. Tukasema ni haya. Tukamwacha na haya zake.

Mwezi wa Februari Cyril akabandika matangazo mji mzima, kwamba mwaka wako ukitimia wapenzi wote wa Mjomba Masizi wakutane kwenye ukumbi wa kanisa, na kwamba "fulana halisi ya Laddie Sopko itatundikwa ukutani". Verna hakuulizwa. Msumari ulishapigiliwa. Jumapili mchana Cyril akamchukua Dolores, wakaenda nyumbani kwako.

"Kaeni," Verna akasema. "Kahawa ipo."

"Hatukai. Tumefuata fulana. Kama umeiuza sema umeiuza, niende Chicago nikaigombee."

"Vua kofia kwanza, Cyril," Dolores akasema. "Uko ndani ya nyumba ya watu."

"Nyumba ya kaka yangu."

"Ni yangu pia," Verna akasema, bila hasira, kama mtu anayemkumbusha mwingine siku ya wiki. Akaenda chumbani, akarudi na mfuko mweupe wa plastiki, akaitoa fulana iliyomo na kuitandika juu ya meza. Aliitandika polepole, upande huu, halafu upande huu.

Ilikuwa imekatwa kutoka pindoni mpaka shingoni. Mkato ulipita katikati ya uso.

Cyril alifungua kinywa. Verna akainua mkono.

"Ngoja. Usiponiacha niseme sasa sitasema tena." Akabaki amesimama. "Alipoanguka nilipiga simu ya dharura. Yule mama wa kwenye simu alikuwa mpole sana. Akaniambia nimlaze chali, nifungue kifua, niweke mikono katikati. Nikamwambia amevaa fulana. Akasema, ivue au ikate."

Kidole chake kikapita kwenye mkato.

"Nikaanza kuivua," Verna akasema.

Dolores akakaa.

"Niliipandisha mpaka kwapani. Mkono mmoja ukatoka. Wa pili haukutaka kupinda. Na mimi namwambia, subiri Laddie, subiri kidogo, nisije nikaipasua. Yule mama anauliza, umeshaanza? Nasema bado. Anauliza tena, umeshaanza, mama? Nikasema bado, Cyril. Nilimwambia bado, mara mbili. Ndipo nikachukua mkasi wa kukatia kuku."

"Shemeji."

"Nimeupima muda ule kwa saa ile ya ukutani. Nalala pale chini nafanya kama nilivyofanya. Mara inakuja sekunde ishirini. Mara inakuja arobaini." Akakishika kipande kimoja kwa vidole viwili. "Mtu anakufa kwa sekunde arobaini."

Laddie, unamjua mdogo wako. Hakuna siku amekosa neno mbele ya meneja, mbele ya polisi wala mbele ya askofu. Alikaa kwenye kiti chako, akavua kofia, akaishika magotini.

"Alikuwa ameshaondoka," akasema mwishowe. "Kabla hujafika kwenye simu, alikuwa ameshaondoka."

"Unajuaje?"

"Sijui."

"Basi usiniambie."

Dolores, aliyeuguza wazee kwa miaka thelathini, ndiye aliyeuliza swali ambalo mwaka mzima lilikuwa na mtu wa kulijibu na hakuna aliyeliuliza.

"Wifi, baada ya kuikata, ulikandamiza kifua kwa muda gani?"

"Mpaka walipofika. Dakika kumi na moja, wamesema wao."

"Peke yako?"

"Nani mwingine alikuwepo?" Halafu akasema kwa sauti ya chini, "Nilisikia mbavu."

"Zinavunjika," Dolores akasema. "Ikifanywa inavyotakiwa, zinavunjika. Wale vijana wa zimamoto hupokezana kila dakika mbili kwa sababu mtu anachoka. Wewe una miaka sabini, Verna."

"Ilikuwa Ijumaa," Verna akasema, kana kwamba hakusikia. "Ingekuwa Alhamisi angekuwa amevaa shati la vifungo."

Cyril akamuuliza kwa nini hakusema. Kwa nini aliacha mji mzima umwite mwizi wa marehemu. Alimuuliza kwa upole, na upole haujamzoea, kwa hiyo ilibidi aulize mara mbili.

"Kwa sababu ningesema imekatwa mngeniuliza nani kaikata, na ningewaambia, na mngenihurumia," Verna akasema. "Halafu siku moja wewe, unayekumbuka kila kitu, ungekaa ukahesabu. Ungejua kwamba kaka yako anakufa na mimi nawaza nguo. Heri mngesema nimeiuza."

Hilo ndilo tulilomfanyia mkeo, Laddie. Mwaka mzima tulikuwa tunamgongea mlango kudai kitu kile kile alichokuwa akijihukumu nacho. Kila "fulana iko wapi" ilimlaza tena chini, kati ya jiko na meza, akitazama saa. Na alipokuwa pale chini akijaribu kuitoa bila kuipasua, alikuwa anatunza neno alilokupa kwenye harusi ya Noreen. Hakuwa anaitunza fulana. Alikuwa anakutunza wewe, na mikono haikujua bado kwamba kuna kutunza kwa namna mbili, neno na uhai.

Yule bwana wa Chicago alipiga simu kweli. Alipiga mara tatu. Mara zote tatu Verna alimwambia kwamba mume wake ameivaa.

Noreen alikuja kutoka Columbus, akaomba aishone. Mama yake akakataa. "Iache hivyo. Ilikatwa, ionekane ilikatwa." Iko nyumbani kwa Verna na haitatoka.

Kwa hiyo nyinyi nyote mnaosoma hapa, mlioinong'ona habari hii kwenye foleni ya kanisa, kwenye bolingi na kwa kinyozi: sasa mnayo yote. Cyril amezunguka mji kwa miguu kuyabandua matangazo yake. Msumari umeng'olewa. Misa ya Laddie ni Jumamosi hii saa nne asubuhi, na baada ya hapo ukumbini kuna chakula. Njooni na fulana zenu, hata za matambara. Semeni vichekesho vya Mjomba, kila mmoja na anachokikumbuka, maana hakuna kanda. Tumemwomba Verna aje akae mbele pamoja nasi. Hajasema ndiyo wala hapana. Akija, msimuulize kuhusu fulana. Mwulizeni hali. Mpeni kiti. Mwombeni arudi jikoni, kwa sababu pirohy za mwaka huu zimefumuka ndani ya maji kila Ijumaa, na kila mtu anajua ni kwa nini.

Laddie, tunakukosa. Tunakukosa tukivaa nguo mpya na hakuna anayeshika pindo. Njia zetu zimejaa theluji mpaka saa nne. Kuna watu wawili wamefiwa mtaani mwezi huu, na asubuhi Cyril alikwenda na sepetu, lakini alichelewa, walikuwa wameshaamka, wakamwona.

Verna ameyasoma maandishi haya kabla hatujayapeleka gazetini. Alifuta sentensi mbili za Cyril kuhusu waliofunga kiwanda, kwa kuwa alisema wewe ungezifuta. Mengine aliyaacha yote, hata yanayomuuma. Kisha akaomba tukuandikie neno moja kutoka kwake, na kalamu akaikataa, akasema tuandike sisi. Ni hili: "Laddie, nisamehe zile sekunde."

Tumeliandika kama alivyolisema. Na kwa kuwa huwezi kumjibu, tumemjibu sisi kwa niaba yako, jikoni pale pale, kwamba hakuna cha kusamehe. Kama tumekosea kukusemea, utatugombeza tukifika.

Unakumbukwa na mkeo, Verna. Binti yako Noreen na mumewe Curtis. Dada yako Dolores. Na mdogo wako Cyril, ambaye anamwomba Verna msamaha hapa hapa, mbele ya watu wale wale aliosema maneno yale mbele yao.

Siku zote tulizobakiza, tutakukumbuka.